Waya wa dishi usinunue kwa macho

Mhariri,

Naomba kanafasi niwaambie wenzangu wa Mombasa wanaofunga intaneti ya setilaiti nyumbani, jamani waya si waya tu. Hapa Likoni fundi alinifungia waya aina ya RG-59, ule mwembamba, mita kama 30 kutoka paani mpaka sebuleni, intaneti ikawa yaja yapotea nami kila siku nalaumu mvua bure. Kumbe dishi langu la aina hii, waya haubebi mawimbi peke yake, unapandisha na umeme wa kuendesha kile kifaa cha kurushia pale juu, sasa uzi ukiwa mwembamba na njia ndefu umeme unafika ushachoka. Chukua RG-6, ule mnene zaidi, ya omu 75 (kipimo cha ukinzani wa waya kwa mawimbi), tena ulizia yenye shaba tupu katikati, maana nyingi madukani ni chuma kimepakwa shaba (nenda na sumaku, ikinasa rudisha, muuzaji akinuna shauri yake). Halafu na chumvi ya bahari yetu hii, koneka (kile kichwa cha kuungia waya) ikiachwa wazi inaota kutu haraka, ifungwe tepu ya mpira. Mafundi nao watuambie haya kabla ya kutoboa ukuta bwana!

Msomaji wenu,
Likoni, Mombasa