Mdogo wangu, zimebaki mbio ngapi?

Mdogo wangu,

Salamu zangu kwako, kwa wifi na kwa watoto. Nakuandikia hadharani bila kukutaja jina, maana tukikaa wawili utaniambia "sawa dada, nimekusikia" na maneno yataishia hapo. Tena najua hauko peke yako. Wapo wengi ambao Jumamosi mchana wameketi na familia huku roho iko uwanjani kwa farasi waliowawekea dau. Na wao wasome.

Jumamosi iliyopita kwa mama nilikuona. Ulisimama nyuma ya gari, simu umeikinga jua kwa kiganja, midomo inacheza kama mtu anayesoma dua. Mama alikuita mara mbili uje kwenye picha. Mara ya pili ulinyanyua kidole kimoja bila kugeuka, kwamba tusubiri kidogo. Tukasubiri, mtoto mdogo akaanza kulia, basi picha ikapigwa bila wewe. Ulipokuja ulicheka na kila mtu, ukambeba yule mtoto, lakini macho yako yalikuwa hayajarudi. Sikuhitaji kuuliza. Ulikuwa umeliwa.

Nilijua kwa sababu uso ule niliuvaa mimi kabla yako.

Sikuandikii ili nikukataze. Nikukataze kwa mdomo gani, mimi ninayebeti farasi kila wikendi, mimi niliyekufundisha kusoma ratiba ya mbio? Naupenda mchezo huu. Napenda kumsoma farasi: mara ya mwisho alikimbia umbali gani, alimaliza akiwa na nguvu au mita mia za mwisho alikuwa amekwisha, joki, yaani mpanda farasi, ni yule yule au wamembadilisha, uzito anaobebeshwa umeongezwa, ardhi imelowa au imekauka. Ni fumbo ambalo jibu lake linakuja mbio mbele ya macho yako. Ila nilikufundisha nusu tu, na nusu iliyobaki ndiyo ya muhimu zaidi kwa mtu mwenye mke na watoto.

Hebu tupige hesabu ya muda kwanza, hela tutaifikia. Farasi wazuri wanamaliza mita 1,600 kwa dakika moja na nusu na kitu kidogo. Mita 1,200 ni kama dakika moja na sekunde kumi. Chukua siku yenye mbio nane: farasi wenyewe, ukijumlisha zote, wanakimbia chini ya robo saa. Lakini kati ya mbio moja na nyingine kuna kama nusu saa, na kati ya mbio nane kuna mapengo saba. Hayo ni saa tatu na nusu. Mchana wako wote umeliwa na kusubiri, mdogo wangu, na farasi wanasingiziwa tu. Na hapo sijahesabu farasi anayegoma kuingia getini, kila mtu akabaki amesimama dakika tano wakimbembeleza.

Kinachokushika kwenye lile pengo ni odi, ile namba ya dau lako litalipwa mara ngapi farasi akishinda. Najua. Unaangalia farasi wako yuko 6, akishuka 5 unasisimka kwamba wenye habari wanamwekea, akipanda 8 tumbo linavurugika. Unaogopa ukiweka mapema utapoteza. Basi sikiliza vizuri, kwa sababu hili hukuniuliza na mimi nilisahau kukuambia. Kule unakobeti wewe ni mfuko wa pamoja, mfumo ambao Joseph Oller aliubuni Paris katika miaka ya 1860. Dau za watu wote zinaingia kapu moja, waandaaji wanakata chao, kinachobaki wanagawana walioshinda. Odi unayoiona asubuhi ni makadirio tu. Unayolipwa ni ile ya mwisho, mbio zinapoanza. Aliyeweka saa mbili asubuhi na aliyeweka sekunde ya mwisho kwa farasi yule yule wanalipwa sawasawa, senti kwa senti.

Ungekuwa unabeti kwa mtu anayekupa odi ya kudumu, isiyobadilika ukishaweka dau, ningekuelewa ukivizia. Lakini kwenye mfuko, kukodolea macho namba zikipanda na kushuka hakukuongezei kitu kwenye dau ulilokwisha kuweka. Unachokosa ukiweka asubuhi ni habari za dakika za mwisho: mvua imenyesha, farasi ametoka jasho jingi akizungushwa. Ni kweli, hizo zina thamani, na kuna siku zimeniuma. Farasi wako akiondolewa kabisa, dau la kumtabiri mshindi kwa kawaida linarudishwa. Hasara hiyo ndogo nimeikubali kwa moyo mmoja, kwa sababu nanunua nayo Jumamosi yangu yote.

Ninavyofanya ni hivi. Ijumaa usiku watoto wakilala nakaa na ratiba, kalamu na daftari. Nasoma mbio zote, nachagua tatu, zisizidi. Mara nyingine ni moja. Naandika farasi, naandika dau, nafunga daftari. Asubuhi kabla nyumba haijaamka naweka, halafu simu inakaa kwenye droo ya chumbani. Matokeo nayaona jioni. Mwanzoni mkono ulikuwa unawasha, sikufichi, nilikuwa napita mlango wa chumba kile mara kumi. Ilichukua kama miezi miwili ndipo nikaweza kukaa kwenye sherehe ya mtu bila kujua saa ya mbio ya nne.

Sasa hela. Kwenye kila mfuko waandaaji wanakata kwanza, mara nyingi kati ya asilimia 15 na 25 kutegemea mahali na aina ya dau. Maana yake mtu wa kawaida akiweka mia, baada ya muda mrefu anatarajia kurudishiwa kama themanini. Ndiyo bei ya kupenda mchezo huu, na inalipwa kwa hela ambayo ungeweza kuitumia kwenye starehe nyingine. Farasi anayependelewa na wengi hushinda kama mara moja katika kila mbio tatu, na hata ukimfuata yeye daima bado utaliwa polepole. Wewe ulinionyesha mikeka yako ya kutaja watatu wa kwanza kwa mpangilio. Kwenye mbio ya farasi kumi, mipangilio ya watatu wa kwanza iko 720. Na dau za namna hiyo ndizo ambazo mara nyingi hukatwa zaidi. Rudi kwa mshindi peke yake. Utaliwa kidogo, na utajifunza farasi.

Halafu kuna mbio ya mwisho. Mwaka 1956 mtafiti William McGlothlin alichapisha uchambuzi wa maelfu ya mbio. Aliona kwamba mbio ya mwisho ya siku ikifika, watu walimwekea anayependelewa kidogo kuliko anavyostahili. Wengi wameielewa hivi: mtu aliyeliwa mchana kutwa hataki ushindi mdogo, anataka farasi mmoja wa odi kubwa amrudishie vyote. Niliposoma hilo nilifunga kitabu, nikakaa kimya muda mrefu, maana nilikumbuka Jumapili moja ambayo sijawahi kukusimulia.

Mwanangu mkubwa alikuwa na miaka sita. Nilimwahidi kumpeleka kuogelea saa nane. Asubuhi nilikuwa nimeliwa mbio mbili, nikasema ngoja ya tatu, nikaliwa, ngoja ya nne. Mtoto alikuwa amevaa viatu tayari, amekaa kwenye ngazi ya mlangoni, begi lenye taulo mapajani. Alikuwa anafungua kamba ya kiatu cha kushoto na kuifunga tena. Fundo lenyewe alikuwa amejifunza wiki ile. Nilimsikia akilifungua na kulifunga huku mimi natafuta farasi wa kunirudishia hela. Hakulia wala hakunisumbua. Ila akaniuliza kutoka pale pale kwenye ngazi, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mama, zimebaki mbio ngapi?"

Hakuuliza saa ngapi, mdogo wangu. Hakuuliza tunaondoka lini. Mtoto wa miaka sita alikuwa ameshajua kwamba kwenye nyumba yetu Jumapili inapimwa kwa mbio. Nikamjibu, "Mbili." Na tukazikaa zote mbili, yeye kwenye ngazi na mimi ndani, na bwawa tulilikuta linakaribia kufungwa. Farasi wa mbio ile ya mwisho simkumbuki hata rangi. Lile fundo nalikumbuka.

Ndiyo maana nimekuandikia kuhusu picha ya mama. Wanao wanakuangalia. Yule wa kike alikuja nyuma ya gari akakutazama kidogo, akarudi bila kukuita. Sijui kama ulimwona.

Kuhusu wifi, mwambie kiasi. Usimwambie "nabeti kidogo", mwambie namba yenyewe kwa mwezi, mkubaliane, na hiyo iwe akaunti peke yake isiyogusana na ada wala kodi. Mimi shemeji yako anaijua yangu hadi senti ya mwisho, na tangu alipoijua sijawahi kwenda nje kupokea simu. Na kama tayari umekopa, au umefika mahali unabeti ili urudishe ulichopoteza wiki iliyopita, nipigie mimi kabla hujaweka dau jingine. Nipigie hata usiku wa manane. Sitakusema kwa mama, na sitakuuliza kwa nini. Tutakaa na karatasi tuandike unadaiwa na nani, na kwa muda huo wote farasi watakimbia bila sisi, hata mimi nitaacha ili usiwe peke yako.

Lakini kama hujafika huko, na naomba Mungu uwe hujafika, basi usiuache mchezo, upunguze hadi uingie mfukoni. Tarehe 9 Juni 1973, kwenye mbio za Belmont huko New York, farasi aitwaye Secretariat alimwacha farasi wa pili kwa urefu wa farasi 31, kwa dakika 2 na sekunde 24, muda ambao kwenye mbio hizo haujavunjwa hadi leo. Tiketi ya dola 2 ililipa dola 2.20. Zaidi ya tiketi 5,000 za ushindi hazikupelekwa dirishani kulipwa kabisa, na inaaminika wengi walizihifadhi ziwe kumbukumbu ya siku ile. Huwa nawafikiria watu hao ninapofungua daftari Ijumaa. Napenda kubeti kama wao, dau dogo ambalo hata likishinda ningeweza kulitia kwenye fremu.

Jumamosi hii tunarudi kwa mama, nimeshapanga naye. Njoo na wifi na watoto mapema. Nimechagua mbio moja tu, ya saa tisa na robo, mita 1,600, farasi tisa. Ijumaa usiku nitakutumia namba zao, usome mwenyewe usinifuate mimi. Dau tutaweka asubuhi, wewe lako mimi langu, halafu ukifika mlangoni unanipa simu yako naiweka na yangu kwenye kabati la mama hadi saa tisa na dakika kumi. Tutaitazama wote sebuleni, na watoto watachagua wao kwa rangi za nguo za majoki, bila hela. Ikiisha, tuwe tumekula au tumeliwa, tunatoka nje kupiga ile picha upya jua likiwa bado juu. Mama ameshasema anataka usimame karibu yake.

Dada yako