Barua ya wazi kwa Mkuu wetu wa Wilaya: Turudishie daftari la mtama

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya,

Bwana Yesu asifiwe.

Kwa umri ningekuita mwanangu, maana kifungua mimba wangu amekuzidi. Kwa cheo nakuita Mheshimiwa, na nitakuita hivyo hadi mwisho wa barua hii, hata pale uchungu utakaponizidi. Naandika hadharani kwa sababu barua ya kwanza, yenye muhuri wa kanisa, ilipokelewa masjala na haikujibiwa. Ya pili naambiwa haionekani. Nilipokuja mwenyewe nilikaa kwenye benchi nje ya ofisi yako tangu asubuhi hadi walinzi walipoanza kufunga madirisha. Binti wa mapokezi, Mungu ambariki, alinipa maji ya kunywa akaniambia, "Mama, Mheshimiwa yuko kwenye kikao Mtumba, kule Mji wa Serikali, jaribu wiki ijayo."

Shida yangu ni daftari. Siku moja jioni akina mama wa kanisa letu tulikuwa nyumbani kwangu kwa maombi, kama tunavyofanya kila Alhamisi kwa zamu za nyumba. Hatukuwa na kipaza sauti wala bango. Wakaingia mtendaji na mgambo wawili, wakasema huo ni mkusanyiko usio na kibali. Wakamchukua mwinjilisti wetu aliyekuja kutufundisha Neno, na mmoja wao akabeba daftari lililokuwa mezani. Mwinjilisti alilala ndani siku mbili, akatoka bila shtaka lolote. Najua Sheria ya Tawala za Mikoa ya mwaka 1997 inakupa uwezo wa kuamuru mtu awekwe ndani hadi saa 48 akionekana kuhatarisha amani. Sijui mwinjilisti mwenye Biblia mkononi na akina mama waliokaa mkekani tulihatarisha amani ya nani. Ila yeye alirudi. Daftari halijarudi.

Tangu wakati huo nimekuomba jambo hilo hilo, na leo naliomba mbele ya watu wote: turudishie daftari.

Huenda hujalifungua, basi nikueleze lina nini. Upande wa kushoto nimeandika wanaotoa: fulani debe la mtama, fulani sado ya uwele, fulani lita ya mafuta, fulani nguvu zake za siku moja kwenye palizi. Upande wa kulia nimeandika wanaopokea. Wewe umekuja juzi mkoani kwetu, lakini umeshaona kwamba mvua yetu ni ya msimu mmoja, inaanza mwezi wa kumi na mbili na kuisha wa nne. Miezi hii ya katikati, shamba likiwa bichi na ghala tupu, ndiyo miezi ya njaa. Nyumba iliyopoteza kijana wa kushika jembe sasa hivi inapata njaa mara mbili: ya mwaka huu na ya mwaka ujao. Ndiyo maana tukaanzisha daftari.

Sikukusudia kuandika siasa. Lakini siwezi kukueleza kwa nini mama anapokea sado ya uwele nikiiruka tarehe 29 Oktoba 2025. Siku ile ya kura yalizuka maandamano, intaneti ilizimwa, na watoto wetu walioko Dar es Salaam na kwingineko hatukujua wako wapi. Siku zilizofuata wengine walirudi. Wengine walizikwa. Wengine waliwekwa mahabusu, na kuna wazazi ambao wamezunguka hospitali na vituo vya polisi mpaka nauli imewaishia. Katika kanisa letu dogo peke yake hizo nyumba zipo. Siandiki majina yao hapa, kwa sababu majina yao tayari yako mikononi mwako, na hilo ndilo linaloniumiza.

Mheshimiwa, tarehe 14 Novemba Rais alisimama hapa hapa Dodoma kulifungua Bunge. Alitoa pole kwa familia zilizopoteza watu wao, na akaelekeza kwamba vijana waliofuata mkumbo wafutiwe makosa. Baada ya hapo ikaundwa tume ya kuchunguza matukio hayo chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman. Mkuu wa nchi ametoa pole ndani ya Bunge. Mimi natoa pole mlangoni kwa jirani yangu, nikiwa na sado ya uwele kichwani. Kwa nini pole yangu ihitaji kibali?

Nafikiri kuna mtu amekupelekea maneno. Nakisia kutokana na maswali aliyoulizwa mwinjilisti: nani anawafadhili, fedha zinatoka nchi gani, mbona mmeorodhesha familia za waandamanaji. Kama hivyo ndivyo ulivyoambiwa, umedanganywa. Mtama ule umetoka katika mashamba yetu. Na ukisoma ukurasa wa kulia kwa utulivu utamkuta pia mke wa askari aliyepigwa jiwe siku zile, akakaa kitandani wiki nyingi. Tulimpelekea uwele sawa na wengine. Mumewe alivaa sare, mtoto wa jirani yake alikuwa barabarani, na njaa iliingia nyumba zote mbili. Upande wa kushoto yumo mwenyekiti wa tawi la chama kinachotawala, na wamo jirani zetu Waislamu waliosikia habari hii wakaleta unga bila kuombwa. Safu ya chama haimo kwenye daftari langu. Sikuichora.

Nikupe habari moja ambayo haisomeki kwenye daftari, ingawa mstari wake umo. Tunao akina mama wawili ambao nyumba zao zinatazamana. Mmoja mumewe ni balozi wa nyumba kumi. Mwingine mwanawe alikamatwa mapema mwezi wa kumi na moja, na kijijini ikasemwa kwamba balozi ndiye aliyemtaja. Kweli au uongo, mimi sijui. Ninachojua ni kwamba wanawake hao, waliozaa mwaka mmoja na kuchekeana tangu usichana, waliacha kusalimiana. Walikuwa wanakuja kanisani na kukaa pembe mbili. Tulipofika mahali pa kupeana amani kabla ya Meza ya Bwana, kila mmoja alishika mikono ya watu wengine wote akamruka mwenzake. Nimelelewa katika imani hii, na sijawahi kuumia ibadani kama nilivyoumia miezi ile.

Siku moja mke wa balozi akaja kwangu na debe zima la mtama. Akasema, "Andika, lakini usiandike jina langu, na uwapelekee wale wa ng'ambo ya njia." Nikaandika "mshirika." Nikapeleka. Yule mama alilitazama debe, akalijua ni la nani, kwa sababu amewahi kuliazima. Nilidhani atanirudishia. Alilipokea akalia, akauliza kama mwenye debe hajambo, na yule mtoto wake mwenye pumu anaendeleaje. Jumapili iliyofuata, wakati wa kupeana amani, alivuka kanisa zima. Mheshimiwa, hakuna kikao cha kamati yoyote ya amani kilichofanya jambo hilo. Lilifanywa na debe la mtama na mstari mmoja wa kalamu, na mstari huo umo ofisini kwako au kituoni, sijui ni kabati gani.

Sasa nikwambie kilichotokea baada ya daftari kuchukuliwa. Mama mmoja alirudisha uwele wake usiku, akauacha mlangoni kwangu, na watoto wake nawajua hawana kitu. Mwingine alinifuata kisimani akaniomba nifute jina lake upande wa watoaji. Nitalifutaje, na daftari unalo wewe? Watu wanaogopa kutoa, wanaogopa kupokea. Wanaamini kila aliyeandikwa mle ataitwa. Mimi mwenyewe sipati usingizi, presha imepanda, dawa za mwezi huu nimenunua nusu. Mjukuu wangu anaambiwa shuleni kwamba bibi yake ni mama wa maandamano. Ameniuliza maandamano yalikuwa lini na kwa nini sikumchukua. Nimekula chumvi nyingi katika nchi hii, Mheshimiwa, na sikutegemea kumfundisha mtoto wa darasa la tatu kwamba kumpelekea mtu chakula kunahitaji kujieleza.

Uliwahi kuja kijijini kwetu, kwenye uwanja wa shule. Ulisema viongozi wa dini na waumini ni wadau wa amani. Ulituomba tuliombee taifa, ukasema mlango wa ofisi yako hauna komeo. Tulikupigia makofi, na mimi nilipiga. Tukaomba. Kila Jumapili tunamwombea Rais, tunakuombea wewe kwa jina, tunawaombea polisi na mahakimu, kwa kuwa Paulo alimwagiza Timotheo kwamba maombezi yafanyike kwa ajili ya wote wenye mamlaka. Tutaendelea, na si kwa sababu ya kukuogopa.

Mtendaji alipokuwa anamwondoa mwinjilisti alitutajia Warumi 13, kwamba kila mtu aitii mamlaka iliyo kuu. Ni kweli, imeandikwa. Lakini mistari michache tu kabla ya hapo, mwishoni mwa sura ya 12, Paulo huyo huyo anasema adui yako akiwa na njaa, mlishe. Barua ni moja, mwandishi ni mmoja. Siwezi kutii sura moja kwa kuichana nyingine. Na sisi hata adui hatukumtafuta; tulilisha majirani. Katiba yetu ya 1977 mwanzoni kabisa inasema tumeamua kujenga jamii inayozingatia uhuru, haki, udugu na amani. Udugu umo humo, pamoja na amani ile mnayoitaja kila siku.

Mkoa huu unajua maana ya nafaka na utawala. Wazee wetu waliita Mtunya ile njaa ya 1917 hadi 1920. Majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza yalipita Ugogo yakachukua nafaka, ng'ombe na vijana wa kubeba mizigo, kisha ukame ukamaliza kilichobaki. Bibi yangu alisimuliwa na mama yake kwamba waliopona ni wale waliokuwa na mtu wa kugawana naye. Vita haikuwa yao, ila njaa ilikuwa yao.

Na mkoa huu unajua pia maana ya kusamehe. Pale palipo Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana palikuwa na shule ya Alliance, baadaye Mazengo. Miaka ya 1940 na 1950 alifundisha pale Mganda mmoja, Festo Kivengere. Baba yangu mdogo alisoma pale na alimtaja mpaka alipofariki. Mwalimu yule alirudi kwao akawa Askofu wa Kigezi. Februari 1977 maaskofu wa Uganda walimwandikia Idi Amin barua ya kulalamikia mauaji, na tarehe 16 mwezi huo Askofu Mkuu Janani Luwum akauawa. Kivengere na mkewe walitoroka kwa miguu usiku kuvuka milima kwenda Rwanda. Akiwa uhamishoni alitangaza kwamba amemsamehe Amin. Nakuomba uone mpangilio wake: waliandika kwanza, wakasema ukweli kwa anayetawala, na walipoumizwa wakasamehe. Upendo wa Kristo ulikuwa katika yote mawili. Wewe si Amin, na sikufananishi naye hata kidogo. Nakutajia habari hii ili ujue kwamba mtu anayekuandikia hivi hajakuchukia.

Nilikuwa na mengi ya kuomba. Nilitaka mwinjilisti aombwe radhi, maana ana wanawe waliomwona akipandishwa gari. Nilitaka mtendaji atuambie ni sheria gani inadai kibali kwa maombi ya mkekani. Nilitaka familia zinazotafuta watu wao zijibiwe kwa adabu pale kituoni. Hayo nimeyaandika, na wewe una macho. Lakini kama ni lazima nichague moja, naomba daftari. Lirudi na kurasa zake zote. Lisinakiliwe, na majina yaliyomo yasipelekwe popote. Kama kuna mstari unaokutia shaka, niite nije nikueleze mstari kwa mstari, kila kilo ilitoka kwa nani na ikala nani. Sina cha kuficha ila majina ya maskini.

Lina jalada la kijani, limefungwa kwa uzi mweupe kwenye mgongo, na ukurasa wa mbele nimeandika "Matendo ya Huruma." Nitakuwa nje ya ofisi yako Jumatatu saa mbili asubuhi, na akina mama wengine wamesema watakuja nami. Tutakaa kimya kwenye benchi. Kama kikao cha Mtumba kitakuwepo tena, mwachie daftari yule binti wa mapokezi, nitasaini kwamba nimelipokea.

Wako katika Kristo,

Mhazini wa akina mama wa kanisa, mkoa wa Dodoma