Barua ya wazi kwa Mkuu wa Wilaya: Simamisha tingatinga ngitilini

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya,

Nakusalimu kwa heshima. Nimeamua kukuandikia hadharani kwa sababu barua tulizopitisha kwa mtendaji wa kijiji hazijajibiwa, na wiki iliyopita tingatinga limeingia kwenye ngitili yetu, yaani malisho tunayoyafunga na kuyatunza kwa ajili ya kiangazi, ili ipandwe miche ya mikaratusi.

Limeng'oa visiki. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Mgunga ukikatwa haujafa. Mizizi iko hai ardhini, na mifugo ikizuiwa kuingia, machipukizi hutoka yenyewe. Hivyo ndivyo miti yetu ilivyorudi, bila mtu kuimwagilia maji. Kisiki kikishang'olewa hakuna cha kuchipua tena, na hiyo miche ya mikaratusi haitalisha ndama hata mmoja.

Taarifa tuliyosomewa inasema ngitili ni eneo lisilotumika. Mheshimiwa, tunaifunga mvua zinapoanza, nyasi zinakua na kukaukia palepale, kisha tunaifungua kiangazi kikikaza, tukianza na ndama, ng'ombe wanaonyonyesha na maksai wa kulimia. Wazee ndio wanaozikagua nyasi na kusema lini. Anayeingiza mifugo kabla ya wakati anaitwa mbele ya dagashida, baraza letu la jadi, na kutozwa faini. Watu wasio na cheti hata kimoja wameutunza utaalamu huu tangu enzi za mababu.

Na Serikali inalijua hilo. Mradi wa Serikali wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) ulipoanza mwaka 1986, Shinyanga ilikuwa inaitwa jangwa. Misitu ilikuwa imefyekwa kwa sababu ya mbung'o na pamba, na kuhamishiwa vijijini kulikuwa kumewatenga watu na ngitili zao. Wataalamu walianza na bustani za miche ya kigeni. Mambo yalibadilika walipokaa na wenyeji: ngitili zilizokuwa hekta 600 hivi zikapita 300,000, na mwaka 2002 mradi ukapewa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Leo tunarudishwa kwenye miche ya kigeni! Nahisi wilaya imepewa lengo la idadi ya miche, na visiki vilivyo hai havina safu kwenye taarifa. Hakuna aliyetueleza vinginevyo.

Mimi ni mjane. Maksai wangu ndio wanaonilimia, na sasa wanangu wanawaswaga mbali hadi kwenye malisho ya watu, ambako tayari tumeshagombezwa. Nimeuza mbuzi ninunue mashudu. Kuni, uyoga, dawa za tumbo za wajukuu, vyote nilivipata ngitilini.

Ulisimama kwenye mkutano wa hadhara ukasema ardhi ya kijiji haitaguswa bila mkutano mkuu wa kijiji. Tulikupigia makofi. Ipo Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, na Sheria ya Misitu ya 2002 inaturuhusu kutenga msitu wetu wenyewe wa hifadhi. Mkutano ule haujaitishwa hadi leo.

Sehemu iliyobaki bado ina visiki. Simamisha tingatinga, Mheshimiwa. Njoo mwenyewe ukae na wazee kabla mvua hazijaanza, maana ndipo tunapofunga. Kama miche ni lazima ipandwe, watakuonyesha pa kuipanda. Lakini kwanza tingatinga lisimame. Nakuomba, lisimame wiki hii.

Mjane, mfugaji na mkulima,
Usukumani