Mwanangu, kuhusu hiyo kodi ya jengo kwenye LUKU

Mwanangu hujambo, huku hatujambo, mvua zimeshaanza. Nimeona ulivyoandika kwenye grupu la familia kwamba mchango wa mtaro wa mtaani kwetu hutoi kwa sababu serikali imeshakukata kodi ya jengo kwenye LUKU, huu umeme wa kununua tokeni, sikutaka kukujibu mbele ya shangazi zako, nikaona nikuandikie mwenyewe kwa kirefu maana hili jambo nalifuatilia na linaniuma kwelikweli.

Kwanza aliyekatwa siyo wewe. Umeme wa ile nyumba yako ya huku anajaza mpangaji. Juzi yule mwalimu mpangaji wako kanionyesha meseji ya tokeni, kanunua umeme wa elfu kumi, 1,500 imetoka kwanza ndo akapewa yuniti za iliyobaki, na pale hana hata tofali lake moja. Kodi ya jengo ni ya mwenye nyumba, mpangaji analipa tu kwa sababu mita iko kwake, kwa hiyo umpunguzie kwenye kodi ya pango, ni 18,000 kwa mwaka mzima baba, haikufilisi. Na kama mita zote mbili za ile nyumba zinakatwa, peleka namba zake wairekebishe, nyumba moja inatakiwa ikatwe kwenye mita moja. Ya kwangu walishaitoa kwa kuwa nimepita miaka 60, ndimo ninamoishi na sina kipato.

Sasa turudi kwenye mtaro. Wewe unadhani hiyo hela inaenda kwa diwani wetu halafu anaikalia, haiko hivo. Zamani halmashauri ndo ilikuwa inakusanya, wanapita na makaratasi nyumba kwa nyumba, wengine wanafungiwa geti, wengine nyumba zao hata kwenye daftari hazimo. 2016 TRA, mamlaka ya mapato ya serikali kuu, wakaanza kuichukua hiyo kazi, mwezi wa 8 mwaka 2021 ikahamia kwenye LUKU, ikaanza na 1,000 kwa mwezi nyumba ya kawaida na 5,000 kwa kila sakafu kwenye ghorofa, 2023 ikapanda ikawa 1,500 na 7,500. Kwa kukusanya, LUKU ni rahisi, sikatai, hakuna wa kukimbizana naye. Ila mwenye vyumba viwili vya bati na mwenye jumba la geti la umeme wanakatwa sawasawa kwa vile wote hawana ghorofa, na hapo mimi naona siyo haki. Halafu hela inaingia serikali kuu, halmashauri inarudishiwa kipande tu.

Hiki kipande ndo kilinifanya niende kukaa kwenye kikao cha baraza la madiwani walipokuwa wanajadili bajeti, wananchi tunaruhusiwa kukaa nyuma tukasikiliza ila kuongea huruhusiwi. Hela ya maendeleo ilikuwa ndogo, kilichobaki ni kuchagua, vibanda vya stendi au mitaro ya mitaa yetu ya huku juu. Diwani wetu alisimama akaeleza vizuri tu, kwamba kila masika maji yanaingia ndani kwa watu. Akajibiwa asilimia 10 ya mapato ya ndani lazima iende kwenye mikopo ya wanawake, vijana na wenye ulemavu, barabara na mitaro yake tangu 2017 ni za TARURA, wakala wa serikali wa barabara za vijijini na mijini, hata ile shilingi 100 iliyoongezwa kwenye kila lita ya mafuta 2021 ilikuwa ya kwao, na vibanda vitaleta kodi kila mwezi. Yote kweli. Stendi ikapita.

Nimelifikiria sana lile jibu la vibanda. Kibanda kinairudishia halmashauri hela, mtaro haurudishi kitu. Mtaro ukijengwa nyumba yako inapanda thamani, mpangaji hahami, lakini kwenye mfuko wa mji haiongezeki hata mia, kwa sababu kodi ni ileile 1,500 na inapita juu kwa juu. Ndo maana vijiji na miji midogo wote wanakimbilia stendi na soko, yani hata diwani awe mzuri vipi hana cha kushika. Nyie mnaobishana sana mitandaoni mngelisemea hili, siyo kodi ifutwe, bali ibaki kwenye mji ilikokatwa, na mtaa utangaziwe ilikusanywa ngapi na imerudi ngapi. Hilo nitalisemea mpaka nichoke.

Ila maji hayasubiri sheria ibadilike. Lile kalavati la pale kwa muuza maandazi limeziba, pampasi na chupa za maji zimejaa mpaka mdomoni, mvua ikipiga maji yanarudi nyuma yanakata kona yanapita ubavuni mwa nyumba yako upande wa choo, udongo umeondoka, mawe ya msingi yanaonekana, nimeyashika kwa mkono wangu moja linacheza. Mwalimu kaweka viroba vya mchanga kwa hela yake. Tulikubaliana kwenye mkutano wa mtaa kila nyumba 30,000 ya mawe na saruji, kuchimba tunachimba wenyewe, na mtendaji anasema maombi ya kalavati kubwa yameshapelekwa TARURA.

Mkutano mwingine ni Jumapili ya mwisho wa mwezi, mwenyekiti anasoma mapato na matumizi na nimeshamwambia nitauliza swali la kodi ya majengo mbele ya watu, na liandikwe kwenye muhtasari ufike kata. Kwa hiyo nitumie hiyo 30,000 kabla ya Jumapili, itakatiwa risiti kwa jina lako nitakurushia picha yake, na umpigie mwalimu wewe mwenyewe umwambie habari ya kodi ya pango, asisikie kwangu. Fundi wa kuja kuangalia ule msingi nimeshaongea naye, anakuja Jumanne.

Mama yako