Risala ya Mama Lishe wa Getini kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Wauguzi Duniani

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mganga Mkuu wa Wilaya. Mganga Mfawidhi wa hospitali yetu. Wauguzi wenye siku yenu. Ndugu waalikwa, habari za asubuhi.

Mgeni rasmi, sisi ni akina mama tunaouza uji, chai na supu nje ya geti la hospitali. Tunashukuru kupewa nafasi siku hii ya tarehe 12 Mei. Huenda unajiuliza wauza uji wana lipi la kusema kuhusu haki na wajibu wa wagonjwa. Mtu aliyelaza mzazi wake huogopa kulalamika wodini. Akitoka kununua uji, anatueleza sisi.

Mgeni rasmi, kinachotuumiza zaidi ni msamaha wa matibabu. Sera ya Afya ya mwaka 2007 inataka wajawazito, watoto wa chini ya miaka 5 na wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo watibiwe bila malipo. Bango la haki za mgonjwa lipo, lakini limebandikwa nyuma ya mlango unaoshinda wazi kutwa nzima. Mzee anatoka kijijini, haambiwi kwamba kuna afisa ustawi wa jamii anayeshughulikia msamaha huo, naye hajui kuuliza. Anapewa namba ya malipo, mwanawe anapiga simu nyumbani mbuzi auzwe. Mbuzi akishauzwa, ndipo mgonjwa wa kitanda cha jirani anamweleza habari za msamaha. Tunaomba mapokezi waulize kwanza, bili ije baadaye. Tunajua dawa hununuliwa, na lazima awepo wa kuzilipia. Tangu Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ipitishwe mwaka 2023, kikoba chetu kinatenga akiba ya michango ya bima hiyo.

Kuna pia fomu ya ridhaa ya upasuaji. Ukimwuliza ndugu amekubali nini, anajibu, "Nimeambiwa niweke dole gumba." Dakika tano za maelezo zingemtosha.

Mgeni rasmi, lawama si za wahudumu peke yao. Siku hizi mtu anayekuja kuona mgonjwa, kabla hajasema pole, ameshapiga picha. Jioni mgonjwa yuko kwenye status, dripu mkononi, kanga imemvuka, chini pameandikwa "Mungu amponye". Dua ni njema, ila mwenyewe hakuulizwa. Na wa kitanda cha pili naye yumo pichani, pengine hakutaka hata kazini kwake wajue amelazwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inahesabu habari za afya ya mtu kuwa taarifa nyeti, lakini sisi tunaona hata bila sheria ni kumvunjia mtu heshima.

Halafu kuna chupa ya chai isiyo na chai, ndani yake ndugu wamemletea mgonjwa dawa ya miti. Hatuzibezi dawa za miti, wengi wetu tumekuzwa nazo. Lakini daktari anayepanga dozi hana budi kujua mgonjwa ameshakunywa nini. Ya wageni kumi kujazana kwenye kitanda cha mgonjwa mmoja, na kumtukana nesi wa usiku aliyeachiwa wodi nzima peke yake, mnayaona wenyewe.

Mgeni rasmi, tunaomba bango lile lihamishiwe getini, kwa maandishi makubwa. Ukuta wa kibanda chetu tunautoa bure. Tunaomba pia mabenchi na kivuli kwa wanaosubiri saa za kuona wagonjwa, maana sasa wanakaa juu ya ndoo zetu. Kwa upande wetu, tutawakumbusha wateja saa hizo, na mwenye kisukari hatutamtilia sukari kwenye uji hata atubembeleze.

Mgeni rasmi, tunaomba kuwasilisha.