Ujenzi wa viwanja usimeze bustani na nyuga za Nairobi

MHARIRI,

Kadiri Kombe la Mataifa ya Afrika (AFCON) la 2027 linavyokaribia, ambalo Kenya itaandaa pamoja na Uganda na Tanzania, ndivyo wanasiasa wa Nairobi wanavyozidi kutuahidi viwanja: jukwaa hapa, ukuta pale, nyasi bandia kule. Mimi ni shabiki wa soka na sina ugomvi na viwanja. Ninachopinga ni mtindo wa kutafuta ardhi yake ndani ya bustani na nyuga za mitaa, kana kwamba mahali walipopumzika watu tangu enzi za wazazi wetu palikuwa patupu pakimngojea mwanakandarasi.

Katiba haikuyagombanisha mambo haya mawili. Jedwali la Nne, linapoorodhesha majukumu ya kaunti, linataja michezo na vifaa vyake katika kipengee (h), na mara tu baada yake, katika kipengee (i), linataja bustani, fuo na sehemu za burudani. Msimamizi ni yule yule na mfuko ni ule ule. Kwa hiyo kaunti inapoamua kumega bustani ili ijenge majukwaa, haiwezi kusema imesukumwa na mtu mwingine.

Mbona basi bustani ndiyo hushindwa? Wengi watajibu kwamba ni siasa, na hawakosei, kwani jukwaa lina utepe wa kukatwa na bango la kuandikwa jina, ilhali mti uliomwagiliwa maji hauna. Lakini ipo sababu nyingine ambayo haizungumzwi sana, nayo imo katika namna bajeti inavyopangwa. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inaitaka kila kaunti itenge angalau asilimia 30 ya bajeti yake kwa maendeleo, na kanuni zilizofuata mwaka 2015 zinataka mishahara isizidi asilimia 35 ya mapato. Masharti hayo yaliwekwa kwa nia njema, ili kaunti zisile pesa zote kwa mishahara na safari, na nisingependa yaondolewe. Hata hivyo, hebu tutazame bustani inahitaji nini ili iendelee kuwa bustani: watunza bustani, mlinzi, mtu wa kuosha vyoo, maji, mafuta ya mashine ya kukatia nyasi, balbu za taa. Karibu vyote hivyo huandikwa katika matumizi ya kawaida, na watu wake huhesabiwa ndani ya kikomo cha mishahara. Ukuta wa mawe na jukwaa la zege huandikwa upande wa maendeleo. Ofisa anayehangaika kufikisha asilimia 30 hataifikisha kwa kuajiri watunza bustani. Ataifikisha kwa saruji. Bustani ikikosa mtunzaji huota magugu, wezi wa simu huhamia humo, wakazi huanza kuikwepa, na baada ya miaka michache husikika kiongozi akisema mkutanoni kwamba hiyo ni ardhi isiyotumika. Hapo hoja ya kujenga huwa imekwisha kujijenga yenyewe.

Katika mtaa ninaoishi, upande wa Eastlands, upo uga uliopitia njia hiyo. Kabla ya kuzungushiwa ukuta ulikuwa umechakaa, sikatai: vumbi wakati wa kiangazi, tope wakati wa masika, milingoti ya goli ya miti iliyopinda. Lakini asubuhi ya Jumamosi ulikuta timu mbili zikicheza katikati, wasichana wakipiga voliboli kwenye kona, watoto wakikimbiza mpira wa makaratasi nyuma ya goli, na wazee wamekaa chini ya mjakaranda wakibishana kuhusu ligi ambazo hata hazipo tena. Siku hizi pana lango la chuma lenye kufuli, timu hulipia saa zake, na mjakaranda ulikatwa kupisha vyumba vya kubadilishia nguo. Timu zinazocheza humo sasa ni nzuri kuliko za zamani, hilo nalikubali bila shingo upande. Ila mtoto wa miaka minane hana kamati ya kumlipia saa, na leo anacheza barabarani, akiacha mpira kila bodaboda inapopita.

Jiji hili limewahi kuzilinda bustani zake. Mwaka 1989 mwanamazingira Wangari Maathai alipinga mpango wa kujenga jumba la ghorofa 60 katika Uhuru Park, akaandika barua kwa kila aliyehusika, akatukanwa hadi bungeni, na mwishowe mradi ukaachwa. Miaka miwili baadaye ilikuwa zamu ya Jeevanjee Gardens, iliyotakiwa kugeuzwa maegesho ya magari, na wakazi wakakataa. Vita vile vilikuwa rahisi kueleweka, kwa sababu aliyetaka ardhi alikuwa tajiri mwenye mchoro wa jumba. Kuupinga mradi unaoletwa kwa jina la vijana na vipaji ni kazi ngumu zaidi, maana anayeuliza swali huonekana adui wa vijana.

Na hitaji la viwanja si la kubuni. Viwanja vya Kasarani na Nyayo vilipofungwa kwa ukarabati kabla ya CHAN ya Agosti 2025, mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za nyumbani, vilabu vya ligi kuu vilitangatanga vikitafuta pa kuchezea, na uwanja wa Dandora ukavifaa vingi. Lakini tusichanganye mambo. Mechi za AFCON jijini ni za viwanja vikubwa vya serikali kuu, ukiwemo ule wa viti 60,000 wa Barabara ya Ngong, uliojulikana kama Talanta ujenzi wake ulipoanza Machi 2024. Hakuna mechi ya AFCON itakayochezwa katika uga wa mtaa wetu, na haifai mashindano hayo yatumike kama kisingizio cha kuuzungushia ukuta.

Kwa bahati nzuri, sheria ile ile inayosukuma pesa kwenye saruji haikatazi njia nyingine. Vijia vya miguu, mabomba ya maji, vyoo, taa, mitaro ya kutolea maji uwanjani na upandaji wa miti ni miradi ya maendeleo sawasawa na jukwaa. Kaunti inaweza kuifikia asilimia 30 yake kwa kuifanya bustani kuwa bustani bora, na kwa kusawazisha uga wa mtaa bila kuufunga. Pale ambapo uwanja wenye ukuta unahitajika kweli, naomba pande zake za nje zibaki wazi kwa watoto na wazee, na saa za bure ziandikwe langoni ili zisitegemee hisani ya mwenye ufunguo. Aidha, kila mradi wa aina hiyo uambatane na fungu la utunzaji linaloonekana katika kitabu cha bajeti, kwa kuwa tumeona majukwaa mapya yaliyomea nyasi kabla hayajakaliwa.

Makadirio ya bajeti ya kaunti hufikishwa katika bunge la kaunti kabla ya Aprili 30, na wananchi wana haki ya kutoa maoni yao kabla hayajapitishwa. Vikao hivyo huhudhuriwa na watu wachache, wengi wao wakiwa wametumwa na wanaotaka kandarasi. Nawaomba wakazi wenzangu wafike na kuuliza swali moja kwa kila bustani ya wadi yao: mwaka huu imetengewa shilingi ngapi za kuitunza, na ziko ukurasa gani? Nao wawakilishi wadi wasipitishe ukuta wowote mpya mpaka swali hilo lijibiwe kwa maandishi.

Mkazi wa Eastlands,
Nairobi.