Msikimbilie kukata kimeo

Mhariri,

Mjukuu wangu alisema king'ong'o mpaka akaingia darasa la kwanza, na alipokuwa mchanga maziwa yalimtoka puani. Majirani wakasema ni kimeo, kile kinyama kinachoning'inia kooni, kikatwe. Nusura tukubali! Daktari alimmulika kwa tochi, akaona kimeo kina ncha mbili, akapapasa kaakaa kwa kidole: mfupa una pengo nyuma, misuli haijaungana, ila utando umefunika yote. Ndiyo maana hakuna aliyeona tangu azaliwe. Kwa mtoto mwenye pengo hili anayesema king'ong'o, upasuaji huunganisha misuli, kisha hufuata mazoezi ya kutamka. Manesi wa kliniki, mkishampima mtoto uzito, mtazameni na kinywa. Masikio pia, maana ya watoto wenye pengo hili mara nyingi hujaa majimaji.

Bibi wa Ujiji,
Kigoma